Mlango wa Neva Unajuaje Kwamba Umeme Umefika?

Ukikanyaga mwiba uwanjani, mguu unauinua hata kabla hujasema "ala!" Habari imeshapita kwenye neva kwa njia ya umeme. Somo hili wengi tunalikariri tu: milango ya sodiamu hufunguka, ayoni za sodiamu huingia, basi. Lakini hebu tuulize, mlango wenyewe unajuaje kwamba wakati wa kufunguka umefika? Hauna jicho wala sikio, na hakuna anayepiga hodi.

Tuanze na ukuta. Seli ya neva imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita kama 5, yaani milimita moja uigawe mara 200,000. Neva ikitulia, upande wa ndani huwa chini ya wa nje kwa milivolti kama 70. Utacheka, kwani betri moja ya tochi ina volti 1.5! Usidharau. Milivolti hizo zimebanwa katika unene mdogo mno, na ukipiga hesabu utapata volti 14,000,000 kwa mita. Hewa hushindwa kuuzuia umeme ukifika kama volti 3,000,000 kwa mita, ndipo cheche huruka. Kwa hivyo chochote chenye chaji kikikaa ndani ya utando huo husukumwa kwa nguvu za kutisha.

Siri iko hapo. Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, walipima umeme katika neva nene ya ngisi, na mwaka 1952 wakaandika kwamba lazima ndani ya utando mna vitu vyenye chaji vinavyosogea volti zinapobadilika. Hawakuwa wameviona. Na chaji ikisogea, si ni mkondo wa umeme? Basi mkondo huo ungepimika. Taabu ni kwamba mkondo wa sodiamu ni mkubwa, unaufunika ule mdogo kama mtu anayenong'ona kando ya matatu inayopiga honi.

Aliyesaidia ni bunju! Naam, yule samaki anayejifurisha kama mpira. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba tundu la mlango wa sodiamu kama kizibo cha chupa. Mwenye kuila hufa ganzi midomo, misuli hulegea, na pumzi yaweza kukatika. Mpaka leo hakuna dawa ya kuivunja nguvu, mgonjwa hupumuliwa kwa mashine mpaka imtoke. Mwaka 1973 Armstrong na Bezanilla waliitumia sumu hiyo kuunyamazisha mkondo wa sodiamu katika neva ya ngisi. Ule mnong'ono ukasikika. Yaani tundu limezibwa, lakini bawabu wa mlango bado anasogea kila volti zikibadilika.

Bawabu huyo ni nani? Mwaka 1984 kundi la Shosaku Numa, huko Kyoto, Japani, lilisoma mpangilio wa asidi amino katika mlango wa sodiamu wa mkunga wa umeme. Mlango una sehemu nne zinazofanana, na katika kila moja mna uzi ambao kila nafasi ya tatu una asidi amino yenye chaji chanya, aghalabu arginini. Ndani kukiwa hasi sana, nyuzi hizo huvutwa kuelekea ndani na mlango hukaa umefungwa. Uhasi ukipungua, mvuto hulegea, nyuzi husogea kuelekea nje na kuuvuta mlango ukafunguka, yote katika muda usiofika milisekunde moja.

Lakini chaji na mafuta hazipatani, sasa uzi unapitaje? Asidi amino za jirani zenye chaji hasi huupokea hatua kwa hatua, kama mkwezi apandavyo mnazi kidato kwa kidato (vya mnazi, si vya shule). Ni umbali gani hasa uzi husogea, wataalamu walibishana vikali, hasa baada ya picha za kundi la MacKinnon za mwaka 2003.

Sumu za nge wengine zina hila tofauti na ya bunju. Haziendi kwenye tundu. Humkamata bawabu mwenyewe akiwa ameshasogea, asirudi mahali pake. Milango basi hufunguka ovyo, neva zinapiga kelele bila sababu, na aliyeumwa, badala ya kulegea, misuli yake humrukaruka.