Wazazi Wanaowaza Kuhamia Ng'ambo



Somo la mwezi huu limetokana na swali la wazazi wawili wa parishi yetu. Baba ni muuguzi, mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto wao wa kwanza ana miaka 4, na mdogo bado ananyonya. Baba ana tumaini la kazi Uingereza, nao wanauliza: je, atangulie peke yake, au wangoje mpaka waweze kwenda wote? Majina yao hatuyataji, kwa maana swali hili si lao peke yao. Linasemwa katika nyumba nyingi, usiku, watoto wakiisha kulala.

Tuanze na sheria, maana wengi huanza na ndoto. Tangu Januari 2024 mwanafunzi anayekwenda kusoma Uingereza hawezi kuchukua mwenzi wala watoto, isipokuwa wachache kama wale wa shahada za utafiti. Tangu Machi 2024 wafanyakazi wapya wa kutunza wazee walizuiwa kupeleka familia zao, na Julai 2025 mlango wa kazi hiyo ukafungwa kwa watu wanaoajiriwa kutoka nje. Muuguzi aliyesajiliwa ni habari nyingine. Yeye aweza kwenda na mwenzi wake na watoto. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Wewe nenda tu kwa kazi yoyote, familia itafuata," mwulize ni kwa sheria ipi.

Tena, Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2023 kuwa zina upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kanuni za Uingereza haziruhusu waajiri na mawakala kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi akiomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, hakatazwi. Basi wakala apitaye mahospitalini akidai fedha za kutafutia watu nafasi, msimpe hata senti.

Kuna na uvumi mwingine, kwamba mtoto akizaliwa huko ni Mwingereza. Sivyo. Tangu tarehe 1 Januari 1983 hupati uraia kwa kuzaliwa tu. Ni lazima mzazi mmoja awe raia, au awe na ruhusa ya kukaa huko daima. Mama mjamzito asiharakishwe safari kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, ambalo halimo katika karatasi yo yote: nani atamshika mtoto? Muuguzi hufanya zamu, hata za usiku. Hapa kwetu yuko bibi, yuko shangazi, na jirani naye hamwachi mtoto akilia. Huko, England, mtoto wa miaka 3 au 4 hupewa masaa 15 ya bure kwa juma katika shule ya watoto wadogo, majuma 38 kwa mwaka, na akitimiza miaka 5 shule ni lazima, nazo za serikali hazina ada. Lakini kwa mtoto mchanga wazazi hulipa wenyewe, na gharama ni kubwa, maana wageni wenye viza za kazi hawahesabiwi katika misaada mingi. Mama aliyezoea darasa lililojaa watoto aweza kujikuta ndani ya vyumba viwili, mwezi wa Desemba, giza limeingia saa kumi jioni, na hana wa kumpigia hodi. Jambo hili waume wengi hawalipimi.

Je, baba atangulie? Nitasema niliyoyaona mwenyewe. Mwaka 1984 mume wangu alikwenda Uingereza kusoma, akakaa miaka 2. Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja. Barua zilikuja, na picha zilikuja, na kila usiku nilimwonyesha picha ya baba yake. Siku aliporudi mtoto alijificha nyuma ya kanga yangu. Siku ya tatu akaniuliza, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?" Baba yake alisikia. Alitoka nje akakaa chini ya mwembe mpaka usiku. Walipatana baadaye, lakini haikuwa kazi ya juma moja, wala ya mwezi mmoja.

Siku hizi wataonana kwa simu kila jioni, nalo ni jambo jema. Lakini simu haimbebi mtoto.

Kwa hiyo maoni yangu kwa wazazi hawa ni haya. Mtihani wa vitendo wa usajili wa uuguzi hufanyiwa hukohuko Uingereza, basi kuna sababu ya haki baba atangulie: afaulu mtihani, apate nyumba, kisha awaite. Hiyo ni miezi, si miaka, na mwezi wa mwisho uandikwe kabla hajapanda ndege. Ukipita na nyumba haijapatikana, wakae tena washauriane kama arudi. Wasiogope kulitaja neno hilo. Na mama asiache kazi ya ualimu mpaka viza za watoto ziwe mkononi.

Mwisho ni vyeti. Wengi wetu tunazo kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo vya watoto, tukadhani vyatosha. Havitoshi kwa pasipoti. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, na anayengoja mpaka wiki ya safari hupata taabu nyingi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili, tutakaa chini ya mti wa kengele. Kila mzazi mwenye mtoto asiye na cheti hicho aje na tangazo la kizazi alilopewa hospitali, tusaidiane kujaza fomu.