Usukani Unapotetemeka: Tambua Chanzo Kabla ya Kulipia Matengenezo

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kueleza kwa usahihi jinsi gari lake linavyotetemeka, kufanya uchunguzi wa awali usiohitaji mashine, na kumuuliza fundi maswali yanayostahili kabla ya kutoa fedha.

Utangulizi

Wamiliki wa pikapu za zamani katika Bonde la Kilombero, hasa Toyota Land Cruiser na Hilux zenye ekseli nzima ya mbele, wanalifahamu tatizo hili. Kwa miaka mingi magari hayo yalikwenda polepole juu ya vumbi na matope, na safari ya Ulanga ilisubiri kivuko. Daraja la Magufuli lilifunguliwa mwaka 2018, na lami nayo ikasogea kati ya Kidatu na Ifakara. Sasa pikapu ileile iliyokuwa ikisafiri kwa kilomita 40 kwa saa inafikia 80, na ubovu uliofichwa na mwendo mdogo unajitokeza: usukani hutetemeka mikononi mwa dereva, na wakati mwingine gari zima huyumba.

Hapo ndipo mlaji anapopata hasara. Huambiwa abadilishe shokapu ya usukani, kisha beringi, kisha tairi zote nne, na baada ya kulipa mara tatu mtetemo ungali palepale. Mara nyingi si kwamba fundi ana nia mbaya, bali kazi ilianza kwa kukisia. Dawa ya kukisia ni kuchunguza kwa mpangilio, kuanzia jambo lisilo na gharama hadi lenye gharama kubwa.

Hatua ya kwanza: Mtetemo hutokea wakati gani?

Kabla ya kwenda gereji, mlaji aandike majibu ya swali hili. Wakati wa mtetemo ndio unaoelekeza chanzo chake.

(a) Huanza polepole kwenye mwendo wa kati ya kilomita 70 na 100 kwa saa, kisha hupungua mwendo ukibadilika. Chunguza balansi ya magurudumu.

(b) Upo hata katika mwendo mdogo wa kilomita 20 hadi 40. Shuku rimu iliyopinda au tairi lililovimba.

(c) Hutokea dereva anapokanyaga breki tu. Chunguza diski au ngoma za breki.

(d) Hulipuka ghafla baada ya gurudumu kupiga shimo au tuta, usukani ukapigapiga kushoto na kulia, wala hautulii mpaka gari lipunguze mwendo. Shuku viungo vya usukani vilivyolegea. Hali hii ndiyo ya hatari kuliko zote.

(e) Husikika kwenye kiti kuliko mikononi. Huenda chanzo kiko nyuma, kwenye magurudumu ya nyuma au shafti.

Hatua ya pili: Osha, pima, tazama

Matope ya bondeni hushika. Pikapu iliyotoka Malinyi au Mlimba wakati wa masika hubeba tope ndani ya rimu. Tope hilo likikauka upande mmoja, gurudumu hukosa uwiano na kutetemeka barabarani. Kwa hiyo, osha rimu kwa ndani kwanza. Kuna gari lililoponywa na ndoo moja ya maji.

Kisha pima upepo tairi zikiwa zimepoa, na uhakikishe tairi mbili za mbele zina kiwango kimoja, kile kinachoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Pitisha kiganja juu ya tairi kutafuta uvimbe, au sehemu zilizolika kwa mabonde. Soma pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa pembeni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka. Mwisho, kaza nati zote za magurudumu kwa mtindo wa kuvukana, si kwa kuzunguka.

Hatua ya tatu: Badilishana tairi

Ikiwa tairi zote ni za kipimo kimoja, hamishia za mbele nyuma na za nyuma mbele, kisha endesha katika barabara ileile kwa mwendo uleule. Mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kwenye kiti, tatizo ni tairi au rimu. Ukibaki kwenye usukani vilevile, usinunue tairi mpya. Endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya nne: Kagua viungo

Kazi hii ifanywe na watu wawili, ikiwezekana mmoja wao awe fundi. Gari liwe mahali tambarare, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au magogo. Ardhi ya bondeni ni laini. Weka ubao mpana chini ya jeki, na baada ya kuliinua gari liegemeze kwenye stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake au na matofali.

1. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, beringi ya gurudumu imelegea. Ukiendelea, tatizo liko kwenye kingpini, au kwenye bolijointi kwa magari yasiyo na ekseli nzima.

2. Shika gurudumu kushoto na kulia. Likicheza upande huu tu, shuku tairodi.

3. Shusha gari. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja autikise usukani kidogo huku na huku, mwingine akitazama kila kiungo, kutoka kwenye boksi la usukani hadi gurudumuni. Kiungo ambacho sehemu moja inasogea kabla ya nyingine ndicho kilicholika. Tazama pia kama boksi lenyewe linasogea kwenye chasisi, na kama bushi za springi zimekwisha.

Tahadhari kuhusu shokapu ya usukani

Shokapu hii hufifisha mitikisiko. Kwa kawaida si chanzo chake. Kuifunga mpya huku tairodi ikiwa imelika ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya maumivu: homa hutulia kwa siku chache, ugonjwa ukabaki. Fundi akipendekeza shokapu pekee, mwombe akuoneshe kwanza kwamba viungo vingine ni vizima.

Hatua ya tano: Alaimenti na mzigo

Alaimenti hupimwa mwishoni, baada ya viungo vilivyolegea kubadilishwa. Ukiifanya mapema, vipimo havitadumu. Kumbuka pia kwamba kuongeza majani ya springi ili kubeba magunia mengi ya mpunga hubadili mlalo wa gari, na mzigo mkubwa nyuma huyapunguzia magurudumu ya mbele uzito wa kuyatuliza barabarani. Mwambie fundi ukweli kuhusu mzigo unaobeba.

Usukani ukipigapiga ukiwa safarini

Usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili bila kushindana nao, acha mwendo upungue, kisha toka barabarani. Usiendelee na safari yenye abiria au mzigo kabla ya ukaguzi.

Haki za mlaji gerejini

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamlinda mlaji dhidi ya mienendo ya kupotosha na kuhadaa. Ili ulinzi huo ukufae, uwe na kumbukumbu:

• Omba maelezo ya ubovu na gharama kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.
• Dai kuoneshwa kifaa kilichotolewa, na jinsi kilivyolika.
• Nunua spea kwa muuzaji anayetoa risiti ya EFD, na uhifadhi risiti pamoja na boksi la kifaa. Tairodi bandia ikikatika barabarani, dereva hawezi tena kuliongoza gari.
• Endesha gari pamoja na fundi kabla ya kulipa salio, kwa mwendo uleule ambao tatizo lilijitokeza.

Maswali ya kujipima

1. Pikapu hutetemeka kwa kilomita 85 kwa saa tu, na ilitoka shambani jana. Utaanza na nini?
2. Gurudumu linacheza juu na chini, lakini breki ikikanyagwa linatulia. Kifaa gani kimelegea?
3. Fundi anataka kufanya alaimenti kabla ya kukagua tairodi. Utamwambia nini?

Mlaji anayeweza kuyajibu maswali haya ataingia gerejini akijua anacholipia.