Kazi ya Masika Katika Kiwanda cha Sukari

Mwezi wa Aprili tulipowapeleka wanafunzi wa Kidato cha Tatu kutazama kiwanda cha sukari, tulikuta kimya. Bomba la moshi halitoi moshi, vinu vimefunguliwa matumbo, na mafundi wamejaa ndani yake kama mchwa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kiwanda kimeharibika?" Nilimjibu kwamba hakikuharibika, kimesimamishwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa, na ndiyo nitakayoieleza hapa. Kabla sijashika chaki nilikuwa fundi wa vinu kwa miaka tisa, basi nitasema niliyoyaona, pamoja na yale yasiyonipa sifa.

Viwanda vya sukari, kama vile vya Kilombero na cha Arusha Chini karibu na Moshi, kwa kawaida husimama wakati wa masika. Mvua ikinyesha sana matrekta huzama topeni, na muwa ulioshiba maji hukua tu bila kuongeza utamu. Kwa hiyo mvua yenyewe humpa fundi majuma kadhaa ya kufungua mitambo. Zaidi ya hayo, katika msimu wa kusaga huwapo vituo vifupi vya saa chache, hasa vya kusugua ukoko unaoganda ndani ya matangi ya kuchemshia maji ya miwa, kama ule wa birika la nyumbani.

Ajabu ya kiwanda hicho ni kwamba kila kitu kimemshika mwenzake. Makapi ya miwa yatokayo vinuni ndiyo kuni za boila. Boila hutoa mvuke. Mvuke huendesha vinu na kuchemsha maji ya miwa. Kinu kikisimama, boila hukosa kuni. Boila likizimika, kinu hukosa nguvu. Na muwa ukishakatwa haungoji: baada ya siku moja au mbili huanza kuchacha, na ule uliochomwa moto kabla ya kukatwa huharibika upesi zaidi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kiwanda sitakitaja. Tulikuwa na mzee mmoja mtia mafuta, ambaye desturi yake ilikuwa kuweka kiganja juu ya nyumba ya bushi na kuhesabu muda ambao mkono wavumilia joto. Asubuhi moja mwezi wa Septemba akaniambia, "Mwanangu, hii ya kinu cha pili leo sifiki hata tatu." Nikatazama, nikaona maji ya kupozea bushi ile yanatoka kwa kudondoka tu, njia yake ilikuwa imeziba. Nikaandika daftarini: "Kinu cha pili, bushi ya kushoto, joto." Nikaona nimemaliza kazi yangu.

Jumamosi ile tulipangiwa kituo cha saa nane. Kikaahirishwa kwa juma moja, kwa sababu miwa ilikuwa mingi na wakubwa walitaka magunia. Aliyeahirisha hakujua habari za bushi, maana nilikuwa nimeliambia daftari tu, sikuwaambia watu. Jumanne usiku bushi ile ya shaba ikayeyuka na kuilamba shingo ya rola. Badala ya saa nane tulisimama siku tatu, tukikereza na kunyanyua vyuma usiku na mchana. Siku ya tatu mama mmoja, mkulima mdogo, alikuja langoni na kipande cha muwa mkononi. "Fundi, nusa," akaniambia. Ulinuka kama togwa iliyolala. Mkulima hulipwa kwa uzito na kwa utamu pia, na huyo alikuwa na watoto shuleni. Aliniuliza ni nani atakayemlipa. Sikuwa na jibu, nikatazama chini.

Tangu siku hiyo nilishika kanuni moja: orodha ya kazi za kituo huandikwa mtambo ukiwa unakwenda, na kila mstari uwe na siku yake na mtu wake. Neno "joto" peke yake halina mwenyewe. Yafaa kuandika: joto limeanza lini, linapanda kwa kiasi gani, laweza kungoja kituo kipi, kipuri kipo ghalani au kimeagizwa, nani ataifanya kazi hiyo. Mengine yaweza kufanywa pasipo kusimamisha kitu, kama kutia girisi na kusikiliza mlio. Mengine hungoja saa nane za Jumamosi. Mengine, kama kukagua tumbo la boila, hayana budi kungoja masika, maana boila kubwa hupozwa polepole na mtu hawezi kuingia likiwa na moto. Kipuri kitokacho ng'ambo huagizwa miezi mingi mbele. Ukikumbuka kuagiza siku ya kufungua mtambo, masika yatakwisha nawe bado unangoja meli.

Wanafunzi wa hesabu watapenda sehemu hii. Tuseme kinu kinahitaji saa 6 kukifungua, saa 8 kutoa rola, saa 30 kuikereza, na saa 10 kuirudisha. Jumla ni saa 54. Wakati huohuo matangi yanahitaji saa 4 kupoa, saa 20 kusuguliwa na saa 6 kujaribiwa, jumla saa 30. Je, kituo chote ni cha saa ngapi? Ni 54, kwa kuwa kazi hizo mbili huenda pamoja. Ukiongeza watu ishirini kwenye matangi, hutapunguza hata dakika moja. Lakini ukiwa na rola ya akiba iliyokwisha kukerezwa tangu mwezi uliopita, zile saa 30 za kukereza zaondoka, na kinu chabaki na saa 24. Sasa matangi ndiyo yanayotuchelewesha, na kituo ni cha saa 30. Hapo ndipo wale watu ishirini watafaa! Njia hii ya kutafuta mfululizo mrefu kuliko yote ilitungwa na wataalamu wa kampuni ya du Pont na Remington Rand huko Marekani kuanzia mwaka 1957, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kupanga kituo cha matengenezo katika kiwanda cha Louisville, Kentucky.

Hesabu hiyo haitoshi ikiwa zamu haziambiani. Kila fundi aingiaye kinuni hutia kufuli lake kwenye swichi na kubaki na ufunguo mfukoni, na karatasi ya kazi hukabidhiwa mkono kwa mkono. Tarehe 6 Julai 1988, katika mtambo wa mafuta na gesi wa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa ili ikaguliwe. Zamu ya usiku haikupata habari hiyo. Pampu ya pili ilipokwama, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka, na watu 167 wakafa. Kila nikisoma habari hiyo hukumbuka daftari langu.

Wanafunzi waliokuja Aprili wamefungua daftari la pampu ya maji ya shule yetu. Wameona kwamba inavuja shingoni, matone kumi na mawili kwa dakika mwezi wa Mei, na sasa kumi na tisa. Hatuwezi kuisimamisha wakati watu wote wapo bwenini wakihitaji maji, kwa hiyo masika yetu ni likizo. Uzi wa kuzibia umekwisha nunuliwa na umo ghalani. Kazi itaanza Jumamosi saa mbili asubuhi, siku moja baada ya mabasi kuondoka, na majina ya watakaobaki yamebandikwa mlangoni mwa karakana.