Miligramu Kwanza, Mililita Baadaye: Utoaji Salama wa Artesuneti ya Sindano

Malaria kali ni dharura. Mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi aweza kufikishwa kituoni jioni akiwa na degedege, amepoteza fahamu, anapumua kwa shida, au ameshindwa hata kunyonya. Katika hali hiyo, dawa inayopendekezwa kwanza na Shirika la Afya Duniani kwa watoto na watu wazima, wakiwemo wajawazito katika miezi yote ya ujauzito, ni artesuneti ya sindano.

Somo hili limekusudiwa kwa wanafunzi wa uuguzi na watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya. Wazazi na walezi nao watanufaika nalo, kwa kuwa sehemu ya tiba hii hukamilishwa nyumbani. Tumechagua dawa moja ili kufundishia kanuni zinazohusu dawa nyingi: dawa hufuata njia gani mwilini, dozi hukokotolewaje, na makosa huingilia wapi.

Kwa nini artesuneti

Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Dawa hiyo ilihitaji dripu ya saa kadhaa, na iliweza kushusha sukari ya damu kwa kiwango cha hatari. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukihusisha watoto 5,425. Miongoni mwa waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, miongoni mwa waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Tofauti hiyo ni maisha ya watoto 24 katika kila 1,000 wanaotibiwa.

Faida hiyo, hata hivyo, ilipatikana kwa watoto waliopewa dozi kamili kwa wakati wake. Dawa bora iliyotolewa nusu ya dozi haina ahadi yoyote kwa mgonjwa.

Safari ya dawa mwilini

Kila dawa hupitia hatua nne: kufyonzwa, kusambazwa, kubadilishwa na kutolewa. Artesuneti inayotolewa kwenye mshipa huruka hatua ya kwanza, kwani huingia katika damu moja kwa moja. Inayotolewa kwenye msuli hufyonzwa haraka, na ndiyo sababu njia hiyo hukubalika pale mshipa unapokosekana.

Ikishaingia katika damu, artesuneti hubadilishwa ndani ya dakika chache kuwa dihidroartemisinini, ambayo ndiyo hasa inayoua vimelea. Huua hata vimelea vichanga, kabla havijakomaa na kunasa katika mishipa midogo ya ubongo na viungo vingine. Kisha ini huigeuza tena ili iweze kutoka mwilini, hasa kwa njia ya mkojo.

Kazi hiyo yote hukamilika upesi: katika muda wa takriban saa moja au pungufu, kiasi cha dawa kilichomo katika damu hupungua kwa nusu. Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, dozi iliyochelewa huwapa vimelea vilivyosalia nafasi ya kuendelea kukua. Pili, sindano peke yake haimalizi ugonjwa. Lazima ifuatwe na dawa mseto ya kumeza ambayo hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi.

Kutoka uzito hadi miligramu

Dozi ya artesuneti hutegemea uzito. Mgonjwa mwenye uzito wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Wengi hushangaa kwamba mtoto mdogo hupewa zaidi kwa kila kilo. Sababu ni kwamba, wakipewa kipimo kilekile kwa kilo, watoto wadogo hubaki na dawa kidogo zaidi katika damu kuliko wakubwa.

Kwa hiyo mzani ni kifaa cha tiba. Kukisia uzito kwa kutazama umri ni kukisia dozi. Mtoto asiyeweza kusimama wala kuketi apimwe akiwa amepakatwa: mama akiwa na mtoto ana kilo 63, mama peke yake ana kilo 53, basi mtoto ana kilo 10. Dozi yake ni 10 × 3 = miligramu 30. Andika miligramu hizo katika chati kabla ya kushika kichupa.

Kutoka miligramu hadi mililita

Hatua hii ndiyo yenye mtego. Kichupa kinachotumika sana kina unga wa miligramu 60 za artesuneti, na huambatana na mililita 1 ya sodiamu bikaboneti. Utayarishaji wake ni huu:

1. Ingiza bikaboneti yote katika unga, kisha tikisa mpaka mchanganyiko uwe angavu. Ukibaki na ukungu, usiutumie.
2. Ondoa hewa iliyojikusanya ndani ya kichupa.
3. Kwa sindano ya mshipa, ongeza mililita 5 za maji ya chumvi au ya glukosi asilimia 5. Utapata mililita 6, na kila mililita moja itakuwa na miligramu 10.
4. Kwa sindano ya msuli, ongeza mililita 2 tu. Utapata mililita 3, na kila mililita moja itakuwa na miligramu 20.

Maji ya kawaida ya kuyeyushia dawa za sindano yasitumike. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja, na masalio yatupwe. Usiyahifadhi kwa ajili ya dozi inayofuata, hata kama kichupa kimebaki nusu.

Tazama sasa yanayoweza kutokea. Mtoto wetu wa kilo 10 anahitaji miligramu 30: ni mililita 3 za mshipa, au mililita 1.5 za msuli. Muuguzi wa zamu ya mchana amempa mililita 1.5 kwenye msuli, na katika kukabidhi zamu amesema tu, “mtoto huyu anapewa mililita moja na nusu.” Wa zamu ya usiku amepata mshipa, akachanganya dawa kwa mililita 5, akatoa mililita 1.5 kama alivyoambiwa. Mtoto amepata miligramu 15, nusu ya dozi, na hakuna kengele iliyolia: sindano imechomwa, chati imewekwa alama, na vimelea vimesalia. Kosa laweza pia kwenda upande wa pili. Aliyesikia “mililita tatu” na kuchanganya kwa ajili ya msuli atampa mtoto kichupa kizima, miligramu 60, mara mbili ya dozi.

Wauguzi wote wawili walikuwa makini na hesabu zao. Kilichokosekana ni neno moja. Mililita bila kutaja ukolezi, yaani kiasi cha dawa kilichomo katika kila mililita, haielezi dozi. Tahadhari hiyo inahitajika zaidi kwa kuwa vipo pia vichupa vya miligramu 30 na 120, na baadhi ya matoleo yana kimiminika tofauti cha kuyeyushia. Soma karatasi ya maelekezo ya kichupa ulichonacho mkononi, wala si ya kile ulichozoea. Kama kituo chako kina jedwali la dozi lililoidhinishwa ambalo hukadiria mililita kwenda namba ya juu, lifuate, ila endelea kuandika miligramu.

Mambo sita ya kuhakiki

Kabla ya kuchoma sindano, hakiki mambo haya kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mwenzako:

Mgonjwa: uliza jina, usilitaje wewe. Sema “mtoto anaitwa nani?” badala ya “huyu ndiye Juma?”, kwa kuwa mzazi mwenye hofu huitikia lolote.
Dawa: soma lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
Dozi: rudia hesabu kutoka kwenye uzito.
Njia: mshipa au msuli, na je, uchanganyaji unalingana na njia hiyo?
Wakati: dozi iliyotangulia ilitolewa saa ngapi?
Kumbukumbu: andika miligramu, mililita, njia, saa na jina lako, mara tu baada ya kutoa dawa, kamwe si kabla.

Katika mshipa, dawa isukumwe taratibu, mililita 3 hadi 4 kwa dakika. Isiwekwe katika dripu. Katika msuli, chagua sehemu ya mbele ya paja. Sindano ya takoni yaweza kuujeruhi mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni.

Saa ya Kiswahili na saa ya chati

Artesuneti hutolewa mara ya kwanza pale mgonjwa anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Dozi hizo tatu ni za lazima, hata kama mtoto ameamka na kuomba uji baada ya ile ya kwanza. Asipoweza kumeza baada ya hapo, aendelee kupewa mara moja kwa siku mpaka atakapoweza.

Wasemaji wa Kiswahili tuna hatari yetu ya pekee, nayo ni hesabu mbili za saa. Dozi iliyotolewa saa 4 usiku huandikwa 22:00 katika chati, na inayofuata ni saa 4 asubuhi, yaani 10:00. Atakayeandika “saa 4” bila zaidi amemwachia mwenzake fumbo. Chati itumie mfumo wa saa 24 tu.

Kwa wazazi, hatari huja na dawa mseto ya ALu, ambayo dozi yake ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza. Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 1 usiku anapaswa kutoa ya pili saa 9 usiku. Akisikia “saa nane” na kuielewa kuwa saa 8 mchana wa siku ya pili, atakuwa amechelewa mpaka saa 19 baada ya dozi ya kwanza. Usimwambie mzazi idadi ya saa peke yake. Taja saa yenyewe, iandike kwenye pakiti, kisha mwombe arudie maelezo kwa maneno yake.

Baada ya sindano

Mzazi aelezwe mambo matatu kabla ya kuondoka. La kwanza, ALu imalizwe yote kwa siku 3, ikimezwa pamoja na chakula au maziwa ili ifyonzwe vyema. La pili, wagonjwa wachache hupungukiwa damu siku 7 au zaidi baada ya artesuneti. Mtoto akipauka, akiwa na mkojo mweusi, macho ya njano, uchovu usio wa kawaida au kuhema, arudishwe kituoni mara moja, na himoglobini ipimwe. La tatu, mzazi ana haki ya kuuliza: mtoto wangu ana kilo ngapi, na amepewa miligramu ngapi? Muuguzi aliyefuata hatua za somo hili atalijibu swali hilo kwa kusoma chati.

Zoezi

1. Mtoto ana kilo 16. Anahitaji miligramu ngapi, na ni mililita ngapi kwa njia ya msuli?
2. Kijana ana kilo 25. Anahitaji mililita ngapi kwa njia ya mshipa?
3. Dozi ya kwanza imetolewa saa 9 alasiri. Andika saa za dozi ya pili na ya tatu kama zitakavyoonekana katika chati.

Majibu: (1) Miligramu 48, mililita 2.4. (2) Miligramu 60, yaani mililita 6, kichupa kizima. (3) 03:00, kisha 15:00 ya siku ya pili.