Lord Nelson: Ushindi wa Baharini na Deni la Nyumbani

Katikati ya mji wa London upo uwanja mkubwa uitwao Trafalgar Square, na katika uwanja huo umesimamishwa mnara wa mawe wenye urefu wa futi 170 hivi. Juu ya mnara ipo sanamu ya mtu aliyevaa mavazi ya askari wa baharini. Mkono wake wa kuume haupo. Upo mkono wa koti mtupu tu, umebanwa kifuani. Mtu huyo ni Horatio Nelson, jemadari wa manowari za Uingereza, aliyeuawa vitani tarehe 21 Oktoba, 1805. Sanamu yake ilipandishwa juu mwaka wa 1843.

Lakini mtu aliyewekwa juu ya mnara huonekana kwa mbali tu. Atakaye kumjua Nelson hana budi kusoma habari za kazi yake na habari za nyumba yake pia, kwa maana katika maisha yake mambo haya mawili hayakwenda sawasawa.

Utoto wake

Nelson alizaliwa tarehe 29 Septemba, 1758, katika kijiji cha Burnham Thorpe, wilaya ya Norfolk. Baba yake alikuwa kasisi mwenye watoto wengi na fedha chache. Mama yake alikufa mwaka wa 1767, mtoto akiwa na miaka 9. Mjomba wake, Kapteni Maurice Suckling, alikuwa na cheo katika manowari, na mwaka wa 1771 alimchukua kijana huyu awe mwanafunzi wa ubaharia, naye ana umri wa miaka 12 tu.

Alikuwa mwembamba, mwenye mwili dhaifu, na bahari ilimlevya na kumtapisha tangu siku ya kwanza hata siku za mwisho za maisha yake. Hata hivyo hakukataa safari. Mwaka wa 1773 alikwenda kaskazini mwa dunia, kwenye barafu. Kisha akasafiri katika Bahari ya Hindi, toka Bengal hata Basra, mpaka homa kali ikamrudisha kwao karibu na kufa. Mwaka wa 1779, kabla hajatimiza miaka 21, alipewa cheo cha Kapteni. Ni kweli kwamba mjomba wake alimfungulia mlango. Lakini kazi ya kujifunza pepo, mikondo ya maji, matanga na mizinga aliifanya mwenyewe.

Ndoa na miaka ya kungoja

Alipokuwa akitumika katika visiwa vya West Indies alimwoa Bibi Frances Nisbet, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, jina lake Josiah. Arusi yao ilifanyika katika kisiwa cha Nevis mwezi wa Machi, 1787. Kisha vita vilikuwa vimekwisha, manowari nyingi hazikuwa na kazi, na Nelson akakaa kijijini kwao miaka 5 akilipwa nusu ya mshahara. Bibi Frances alistahimili baridi ya Norfolk na maisha ya uhaba pamoja naye, wala hakumwacha mkwewe mzee bila matunzo.

Mwaka wa 1793 vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilianza, na Nelson akapewa manowari. Mwaka uliofuata, katika kisiwa cha Corsica, risasi ya mzinga ilirusha mchanga na mawe usoni pake, na jicho lake la kuume likapoteza nuru. Mwezi wa Julai, 1797, aliposhambulia mji wa Santa Cruz katika kisiwa cha Tenerife, mkono wake wa kuume ulivunjwa na risasi. Josiah, mtoto wa mkewe, ndiye aliyeufunga mkono ule upesi ili damu isimwishe. Usiku ule ule waganga wakaukata. Aliporudi Uingereza, Bibi Frances alikiuguza kidonda kile kwa mikono yake mwenyewe hata kikapona.

Vita vya Abukir

Jina la Nelson lilienea duniani mwaka wa 1798. Bonaparte alikuwa ameingia Misri na jeshi kubwa, na manowari zilizomleta zilitia nanga katika ghuba ya Abukir. Manowari kubwa za Wafaransa zilikuwa 13, zimejipanga mstari mmoja karibu na maji machache. Wakuu wao walidhani ya kuwa adui hawezi kupita upande wa pwani. Kwa hiyo walitayarisha zaidi mizinga ya upande wa bahari kuu.

Waingereza walifika jioni ya tarehe 1 Agosti. Hapo inafaa msomaji aangalie vizuri akili ya mabaharia wale. Chombo kilichotia nanga moja mbele huzunguka kwa upepo na maji. Basi penye nafasi ya chombo kuzunguka, bila shaka maji yapo ya kutosha chombo kingine kupita. Manowari kadhaa za Waingereza zikapita upande wa pwani, nyingine zikabaki upande wa bahari, na kila manowari ya Wafaransa iliyokuwa mbele ikajiona imeshikwa katikati ya moto. Zile za nyuma zilikuwa chini ya upepo, hazikuweza kuja kusaidia. Usiku, kama saa nne, manowari kuu ya Wafaransa, L'Orient, ilipasuka kwa baruti kwa kishindo kikubwa. Katika zile 13, manowari 11 zilitekwa au kuteketea, na jeshi la Bonaparte likakwama Misri.

Ushindi huo haukuwa bahati. Katika wiki nyingi za kuwatafuta Wafaransa, Nelson alikuwa akiwaita makapteni wake mezani kwake, akiwaeleza mawazo yake moja moja, hata kila mmoja akajua la kufanya bila kungoja amri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye aliwahesabu kuwa ndugu zake, nao wakapigana kama ndugu.

Tena hakuwasahau mabaharia wadogo. Baadaye, alipolinda bandari ya Toulon kwa muda wa karibu miaka 2 toka 1803, alihangaika daima kutafuta vitunguu, malimau na nyama mbichi kwa watu wake, kwa sababu siku hizo ugonjwa uliua mabaharia wengi kuliko mizinga.

Naples

Baada ya vita vya Abukir, Nelson alikwenda Naples, katika nchi ya Italia, akiwa na jeraha la kichwa. Balozi wa Uingereza katika mji huo alikuwa Sir William Hamilton, mzee mwenye mke kijana, Emma. Mwanamke huyo alizaliwa katika umaskini, binti wa mhunzi, lakini alikuwa na uzuri mwingi, sauti tamu, na akili nyepesi ya kujifunza lugha. Alimwuguza Nelson, na punde wakapendana, ingawa kila mmoja wao alikuwa na ndoa yake.

Muda wa Naples ulimletea Nelson lawama nyingine pia. Mwaka wa 1799 watu wa mji walioasi ufalme walikuwa wamekubali kujitoa kwa mapatano, lakini Nelson aliyakataa mapatano hayo. Francesco Caracciolo, jemadari wa manowari wa Naples, alihukumiwa na kunyongwa siku ile ile moja. Hata katika Uingereza walikuwako watu waliosema kwamba jambo hilo lilitia doa katika jina lake.

Mwaka wa 1801 aliachana na Bibi Frances. Alimwekea fedha za matumizi, lakini hakurudi kwake tena. Bibi alimwandikia barua kumsihi arudi, ayasahau yaliyopita. Barua ile ilirudishwa kwake, imeandikwa juu yake kwamba Lord Nelson aliifungua kwa makosa, wala hakuisoma. Mtu ambaye hakugeuza uso wake mbele ya mizinga alishindwa kuisoma barua ya mke wake.

Mwezi wa Januari mwaka huo huo Emma alizaa mtoto wa kike, akaitwa Horatia. Wazazi wake hawakuweza kumtangaza. Mtoto alipelekwa kwa mlezi, na katika barua zao Nelson na Emma walisema habari za baharia mmoja aitwaye Thompson, na mtoto wa Thompson, kumbe hakuna baharia huyo. Baadaye Nelson alinunua nyumba mahali paitwapo Merton, karibu na London, akakaa humo na Emma pamoja na Sir William, mpaka mzee huyo alipofariki mwaka wa 1803.

Trafalgar

Mwezi wa Septemba, 1805, Nelson aliagana na Emma na mtoto pale Merton, akaenda kupanda manowari yake, Victory. Tarehe 21 Oktoba, karibu na rasi ya Trafalgar katika pwani ya Hispania, alikutana na manowari 33 za Wafaransa na Wahispania. Zake zilikuwa 27. Desturi ya siku zile ilikuwa kujipanga mstari sambamba na adui na kupigana ubavu kwa ubavu. Nelson alizigawa manowari zake mafungu mawili, ili ziukate mstari wa adui kama mashoka mawili. Kwa muda mrefu manowari za mbele zilipigwa bila kuweza kujibu, maana upepo ulikuwa mdogo na mizinga yao ilikuwa ubavuni. Lakini zilipopenya, mstari wa adui ulivunjika.

Kabla ya mapigano, Nelson alipandisha bendera za ishara kuwaambia watu wake kwamba nchi inamtazamia kila mmoja atimize wajibu wake. Yeye mwenyewe alitembea juu ya sitaha akiwa na koti lenye nyota za heshima. Kiasi cha saa saba na robo mchana, askari mwenye bunduki aliyekuwa juu ya mlingoti wa manowari Redoutable alimpiga risasi begani, ikaingia mpaka uti wa mgongo. Walipomchukua chini alijifunika uso kwa kitambaa, ili mabaharia wasimtambue wakavunjika moyo. Alikufa kiasi cha saa kumi na nusu, akiisha kuambiwa ya kuwa ameshinda. Manowari 18 za adui zilitekwa au kuteketea, wala hakuna hata moja ya Waingereza iliyopotea.

Karatasi ya mwisho

Asubuhi ya siku ile, adui wakiwa wameonekana, Nelson aliingia chumbani mwake akaandika nyongeza ya wasia wake. Alieleza kazi ambazo Emma aliifanyia nchi huko Naples, akamwacha mikononi mwa Mfalme na taifa wapate kumtunza. Naye Horatia akamwombea vivyo hivyo. Makapteni wawili, Hardy na Blackwood, walitia sahihi kuwa mashahidi.

Taifa lilimzika Nelson kwa fahari katika kanisa la St Paul's tarehe 9 Januari, 1806. Ndugu yake William, kasisi ambaye hakupigana vita vyo vyote, alipewa cheo kikubwa na paundi 5,000 kila mwaka. Bibi Frances alipewa paundi 2,000 kila mwaka, na haki yake ilikuwa hiyo. Emma hakupewa kitu na Serikali. Nelson alikuwa amemwachia nyumba ya Merton na paundi 500 kwa mwaka, lakini Emma alikuwa na mkono usiojua kufumba. Madeni yakamzidi, na mwaka wa 1813 akafungwa kwa sababu ya madeni hayo, Horatia akiwa pamoja naye. Alikufa Calais, katika nchi ya Ufaransa, mwezi wa Januari, 1815. Horatia alirudi Uingereza akiwa na miaka 13, akalelewa na jamaa za baba yake. Mwaka wa 1822 aliolewa na kasisi, akaishi kwa heshima mpaka mwaka wa 1881. Alikubali kwamba Nelson ni baba yake, lakini hakukubali kamwe kwamba Emma ni mama yake.

Mafundisho ya maisha haya

Jambo moja zaidi halifai kufichwa. Huko West Indies Nelson alikuwa na urafiki na wenye mashamba, ambao mali yao ilikuwa watumwa wa Kiafrika. Mwaka wa 1805 alimwandikia rafiki yake wa Jamaica barua ya kuwapinga waliotaka kuikomesha biashara ya watumwa. Bunge liliikomesha biashara hiyo mwaka wa 1807. Na chini ya mnara wake, katika picha ya shaba ionyeshayo kufa kwake, yupo mtu mweusi ameshika bunduki. Kwa kuwa katika manowari za Uingereza walikuwamo mabaharia waliozaliwa Afrika na West Indies, waliopigana katika vita hivyo.

Kabla ya vita vya Abukir Nelson aliwaeleza makapteni wake mapema yale aliyoyakusudia. Lakini mambo ya nyumba yake aliyaacha yasiyoelezwa, siku baada ya siku, hata akalazimika kuyaandika katika karatasi moja asubuhi ya mwisho, na kuwaachia wengine deni ambalo wao hawakuahidi kulilipa. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nelson hakuuziba ufa, na waliobaki bila ukuta ni mke asiyesomewa barua yake, na mtoto asiyejua jina la mama yake.

Maswali kwa wasomao pamoja

1. Kwa nini manowari za Waingereza ziliweza kupita upande wa pwani katika ghuba ya Abukir?
2. Nelson aliwatendeaje makapteni na mabaharia wake, na jambo hilo lilisaidiaje ushindi?
3. Je, Serikali ilipaswa kuitimiza karatasi ya mwisho ya Nelson, au lilikuwa deni lake mwenyewe? Toeni sababu zenu.