Juu ya nini ziwa letu ni refu hivi kwenda chini?

Kila asubuhi siye wa darasa la sita tunapanga mustari uwanjani, na pale tunaona vitu viwili: nyuma milima, mbele Ziwa Tanganyika. Wadogo zetu wa darasa la kwanza walituuliza: shimo hili nani alichimba? Wengine walisema ni mito. Hapana, si mito.

Tupige hesabu. Uso wa ziwa uko karibu meta 770 juu ya bahari. Upande wa kusini kina kinafika meta 1,470. Toeni: chini kabisa ni meta 700 chini ya usawa wa bahari. Mto gani unaweza kuchimba hivyo na maji yake yapite wapi? Sasa pandeni mlima Mohi, kule Itombwe, meta 3,475. Kati ya Mohi na chini ya ziwa kuna zaidi ya meta 4,000!

Ni kwamba Afrika inapasuka. Kipande cha mashariki kinaachana na kile cha magharibi, milimeta chache tu kwa mwaka, lakini kwa mamilioni ya miaka. Shikeni vitabu vitatu vimesimama kati ya mikono, kisha achanisheni mikono polepole: cha kati kinashuka. Ndiyo ziwa. Vya pembeni ni milima yetu na ile ya Burundi tunayoiona ng'ambo.

Ufa huo unatoka Ziwa Albert, unapita Edouard na Kivu, unafika kwetu, unaendelea mpaka Ziwa Malawi. Lakini haufanani kila mahali. Karibu na Goma moto unatoka: Nyiragongo ulitapika 1977, 2002 na 2021. Kwetu hakuna volkano, ila udongo unatetemeka. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 liliangusha nyumba Kalemie. Ruwenzori, meta 5,109, si volkano hata kidogo, ni mwamba uliosukumwa juu (wengi wanaanguka hapo kwenye ekzameni). Kilimanjaro ndiyo volkano. Atlas ya Maroko ni udongo uliokunjwa kama nguo. Na Mbandaka ni tambarare tupu.

Kitu kilichotushangaza ni mvua ya Itombwe. Tone moja linashuka na Mutambala, linaingia ziwani kwetu. Jirani yake linashuka na Elila kuelekea Lualaba. Tulifikiri yameagana. Kumbe ziwa nalo linatokea Kalemie, kwa mto Lukuga, linaingia Lualaba! Yanaweza kukutana tena kabla ya Kindu kuwa mbali.

Lukuga ndiyo mlango mmoja tu. Maji mengi zaidi yanapotea kwa mvuke. Stanley alipofika 1876 alikuta mlango umezibwa na matete na matope. Miaka michache baadaye ulifunguka, ziwa likashuka meta nyingi. Mvua ikizidi, maji hayana pa kwenda upesi, yanapanda: ndivyo ilivyokuwa 2024, Uvira, Baraka na Kalemie. Kwa hiyo ndugu wanaopima viwanja kwenye mchanga mzuri wa pwani, pale ni ndani ya ziwa, limetoka tu kidogo.

Jumamosi baada ya usafi tutashuka pwani na darasa la kwanza kuangalia alama ya maji ya 2024 kwenye kuta. Kila mtu alete kaye na kamba ya kupimia.