Kuisikia Picha: Maswali Kuhusu Mussorgsky na Wenzake

Nimesikia kuna muziki wa klasiki uliotungwa kutokana na picha. Nianzie wapi?

Anza na Picha Maonyeshoni ya Mrusi Modest Mussorgsky, iliyoandikwa kwa piano Juni 1874. Rafiki yake Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akiwa na miaka 39. Mhakiki Vladimir Stasov akasimamia maonyesho ya kazi za marehemu mjini St Petersburg, mamia ya michoro ukutani. Mussorgsky alikwenda kuitazama, na katika majuma machache tu akawa amemaliza picha zake kumi za sauti.

Sauti haina rangi wala mistari. Inaonyeshaje picha?

Haionyeshi. Picha imetulia, muziki unakwenda, kwa hiyo Mussorgsky alitafuta kile ambacho kingeweza kusogea. Hartmann alibuni mavazi ya watoto wa baleti, mfano wa maganda ya mayai. Mussorgsky akatoa humo vifaranga wanaorukaruka kwa noti fupi za juu. Hartmann alichora saa ya mezani yenye umbo la kibanda chenye miguu ya kuku, cha Baba Yaga, kizee mchawi wa ngano za Kirusi. Katika muziki saa haipo: yupo kizee mwenyewe, anapaa na kinu chake.

Na ule wimbo unaojirudia kati ya picha na picha?

Huyo ni mtazamaji, anatembea ukumbini. Hesabu mapigo: matano, kisha sita, tena matano. Askari hawezi kuufuata kwa gwaride. Ni mwendo wa mtu anayesitasita, macho yako ukutani.

Hapa ndipo kazi hii inaponishika. Katika mchoro mmoja Hartmann alijichora mwenyewe akiwa katika mahandaki ya mifupa chini ya Paris, kwa mwanga wa taa. Mussorgsky alipofika hapo, ule wimbo wa kutembea haukubaki nje ya picha tena. Unaingia ndani, umepoa, juu yake noti za mkono wa kulia zikitetemeka. Aliye hai amemfuata rafiki yake kwa wafu. Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa tanzia kwanza, maonyesho baadaye.

Mimi niliisikia ikipigwa na orkestra. Ipi ni ya kweli?

Ya orkestra inayopigwa zaidi ni ya Mfaransa Maurice Ravel, ya 1922: tarumbeta inafungua, saksafoni inaimba kwenye ngome ya kale, tuba inavuta mkokoteni wa ng'ombe. Ni nzuri mno, pengine kupita kiasi. Mussorgsky aliuandika mkokoteni kwa kishindo tangu noti ya kwanza; chapa ya 1886, iliyohaririwa na mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov baada ya kifo cha Mussorgsky, ikaufanya uanze kwa upole kama unaokuja kutoka mbali, na Ravel akaifuata. Napendelea piano. Mkokoteni uko puani pako kabla hujajiandaa.

Lazima niione picha kwanza?

Hapana. Michoro mingi ya Hartmann imepotea, na lile lango kuu la Kiev linalofunga kazi halikujengwa kamwe. Mtunzi Rachmaninoff naye alitunga Kisiwa cha Wafu, 1909, baada ya kuona nakala isiyo na rangi ya mchoro wa Arnold Böcklin. Baadaye alipoiona picha yenyewe haikumgusa sana, akasema angeanza na hiyo huenda asingetunga. Bahati yetu: mapigo matano ya makasia katika muziki wake hayasahauliki.

Nikimaliza hizo?

Goyescas ya Granados, 1911, iliyotokana na ulimwengu wa mchoraji Goya. Vita vya Wahunni vya Liszt naviacha, kelele zimezidi. Ukitaka kusikiliza huku picha iko mbele yako, chukua Respighi, 1927: michoro mitatu ya Botticelli, na yote ipo Florence hadi leo, katika jumba la Uffizi.